Nondo mdogo wa nyasi kwenye ukingo wa Kitulo: ni wa aina gani, na anaishije?

Mfugaji wa Matamba

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Makete. Ninaomba msaada wa kumtambua nondo mdogo ambaye nimekuwa nikimwona kwenye malisho ya ng'ombe wangu tangu mvua zilipokolea, na ambaye kwa sasa, mwezi huu wa Machi, amekuwa mwingi kiasi kwamba kila nikipiga hatua kwenye majani marefu huruka kadhaa mbele ya miguu yangu. Malisho yenyewe yako upande wa Matamba, chini kidogo ya uwanda wa Kitulo, na ni nyasi za asili ambazo hazijawahi kulimwa. Upande wa bondeni kuna shamba langu la mahindi na viazi mviringo, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia, kwa sababu majirani zangu wanaamini kwamba nondo hawa ndio wazazi wa viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, nao wananishauri ninyunyizie dawa malisho yote kabla hawajashuka shambani.

Nimejitahidi kumtazama kwa makini. Akiwa ametua, urefu wake kuanzia ncha ya kichwa hadi mwisho wa mabawa ni kati ya milimita 11 na 13. Mabawa ya mbele ni ya rangi ya majani makavu, na katika kila bawa kuna mstari mweupe unaong'aa, unaoanzia karibu na kifua na kwenda moja kwa moja kuelekea ukingo wa nje, lakini unakoma kabla ya kuufikia. Mabawa ya nyuma, ambayo huonekana pale tu anapokufa au anapofunguliwa kwa kijiti, ni ya kijivu kilichopauka na hayana doa lolote. Mbele ya kichwa kuna kitu kirefu kilichochongoka na kunyooka, ambacho nilidhani ni mdomo wa kunyonyea, lakini nilipotumia kioo cha kukuzia niliona kwamba ni sehemu mbili zilizolala pamoja na kufunikwa na magamba.

Mwenendo wake ndio unaonivutia zaidi. Akisumbuliwa haruki juu. Hupita chini chini, akikata kona huku na huku, na baada ya mita chache hujitupa kwenye bua la nyasi na kutoweka machoni. Nikimfuata polepole humkuta amelala sambamba na bua hilo, mara nyingi kichwa kikielekea chini, akiwa amejizungushia mabawa mwilini hata huwezi kumtofautisha na kipande cha jani lililokauka. Usiku huja kwenye taa ya sola ya banda la kukamulia, hasa usiku usio na mbalamwezi wala upepo.

Naomba kujua ni nondo wa aina gani, viwavi wake wanakula nini na wanakaa wapi, na kama kweli mahindi yangu yamo hatarini.

Mkulima wa Igurusi

Mfugaji, pole na majukumu. Huku kwetu Usangu nondo wa rangi ya majani makavu mwenye pua ndefu namna hiyo tunamfahamu vizuri, kwa sababu tumemtoa ndani ya mabua ya mahindi na ya mtama kwa mikono yetu. Nilipowahi kuyafunga mabua yaliyoharibiwa ndani ya mfuko wa chandarua ili nione kitakachotoka, walitoka nondo wa rangi hiyo, wembamba, wenye vitu viwili virefu mbele ya kichwa. Huyo ni bungua. Kiwavi wake ni mweupe wa maziwa mwenye vidoa vya kahawia mgongoni, na akishaingia ndani ya bua, dawa unayopulizia kwa nje haimpati tena.

Kwa hiyo sioni kwamba majirani zako wanasema jambo lisilo na msingi. Ningekushauri uende shambani ukapasue mabua machache yenye matundu, ulinganishe viwavi utakaowakuta humo na hao nondo wa malishoni, kabla hujapuuza ushauri wao.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Ndugu Mfugaji, nimefurahi kwamba umetueleza jinsi nondo huyu anavyokaa na anavyoruka, na hukuishia kwenye rangi. Kwa nondo wadogo wa nyasi, rangi hupotosha sana, kwa sababu magamba ya mabawa hupukutika kadiri siku zinavyopita, na nondo aliyezeeka anaweza kupoteza hata ule mstari mweupe unaomtambulisha. Mkao haupotei. Nondo anayejiviringishia mabawa mwilini mpaka akawa mwembamba, akajipanga sambamba na bua, huku vipapasio vyake vya mdomo vikitangulia mbele ya kichwa vikiwa vimenyooka, ni wa kundi la nondo-nyasi ambalo wataalamu huliita Crambinae, ndani ya familia ya Crambidae. Hizo sehemu mbili ulizoziona kwa kioo ndizo vipapasio hivyo. Mrija wa kunyonyea umejikunja chini yake, na ukitazama kwa hadubini utaona kwamba hata shina la mrija huo limefunikwa na magamba, jambo ambalo ni alama nzuri ya jamii hii pana ya nondo.

Familia ya Crambidae ina zaidi ya spishi 10,000 zilizokwisha kupewa majina duniani, na kundi la nondo-nyasi peke yake lina takribani spishi 2,000, nyingi kati ya hizo zikiwa zimefungamana na nyasi kwa chakula na kwa makazi. Mstari mweupe unaong'aa kwenye bawa la mbele, unaoanzia kwenye kifua na kukoma kabla ya ukingo, pamoja na mabawa ya nyuma yaliyopauka bila madoa, unaelekeza kwenye jenasi iitwayo Crambus, ambayo iliasisiwa na mtaalamu wa wadudu wa Denmark, Fabricius, mwaka 1798. Zipo jenasi nyingine mbili ambazo ningependa uziondoe kwanza, kwa kuwa nazo zinapatikana Afrika. Ya kwanza ni Euchromius, ambayo ukingo wa nje wa bawa lake la mbele una safu ya vidoa vyeusi vinavyometameta, na ambayo huwa na mikanda inayokatisha bawa badala ya mstari unaokwenda kwa urefu. Ya pili ni Ancylolomia, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi, ina michirizi mingi kati ya mishipa ya bawa, na ukingo wa bawa lake umeingia ndani kidogo karibu na ncha. Ukitazama ukingo wa bawa ukaukuta umenyooka na hauna safu ya vidoa vinavyometameta, basi tubaki na Crambus.

Hapo ndipo ninaposimama, na ninaomba nawe usimame hapo. Spishi za jenasi hii zinafanana kiasi kwamba picha peke yake haitoshi kuzitenganisha. Mtaalamu huchukua ncha ya tumbo la nondo aliyekufa, huilowesha kwenye potasiamu haidroksaidi ili nyama ilainike, kisha huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, kwa kuwa viungo hivyo vina umbo la pekee kwa kila spishi. Mtu atakayekupa jina kamili la spishi kwa kuangalia picha ya simu atakuwa amekisia, na jina la kukisia likishaandikwa husambaa haraka kuliko linavyoweza kusahihishwa.

Ndugu yetu wa Igurusi ana hoja, kwa sababu bungua aliyemtaja, Chilo partellus, ni wa familia hiyohiyo ya Crambidae, na ndiyo maana pua zao zinafanana. Hata hivyo kuna mambo matatu yanayowatenganisha. Bungua huyo hana mstari mweupe wa urefu kwenye bawa; ana rangi ya majani makavu iliyotawanyika, na vidoa vidogo vyeusi kwenye ukingo. Mayai yake huyataga kwenye jani yakiwa yamepandana kama magamba ya samaki, na huyagandisha hapo, ilhali nondo-nyasi huyaacha mayai yake yaanguke ovyo. Jambo la tatu ni mwinuko wa ardhi. Chilo partellus ni mgeni kutoka Asia, aliyeonekana Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1950, na makao yake makuu ni maeneo ya joto yaliyo chini ya mita 1,500 hivi. Igurusi anastawi, kwenye baridi ya Makete hali ni nyingine. Bungua mkuu wa nyanda za juu zenye baridi ni Busseola fusca, ambaye ni wa familia tofauti kabisa, Noctuidae: mwili wake ni mnene, rangi yake ni ya hudhurungi iliyoiva, na akitua hulaza mabawa mgongoni kwa umbo la paa. Huyo ukimwona karibu na nondo wako hutawachanganya.

Sasa nije kwenye maisha yake, ambayo kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri ya swali lako. Jike la nondo-nyasi hatafuti jani maalumu la kutagia. Huyadondosha mayai akiwa ametua kwenye nyasi au akipita juu yake jioni, nayo, kwa kuwa hayana gundi, hupenya katikati ya majani hadi kwenye udongo. Kwa spishi inayokaa ndani ya bahari ya nyasi, utaratibu huo hauna hasara kubwa, maana popote yai linapoangukia chakula kipo karibu. Kiwavi akitoka hutengeneza handaki la hariri kwenye shina la nyasi, akichanganya hariri hiyo na chembe za udongo, vipande vya majani na kinyesi chake mwenyewe, hivyo handaki huwa halionekani kirahisi. Mchana hukaa humo. Usiku hutoka kidogo, hukata jani karibu na shina na mara nyingine huliburuta ndani ili alile kwa usalama. Akikomaa hugeuka pupa ndani ya kifuko cha hariri kwenye udongo au kwenye mabaki ya majani. Nondo kamili huishi siku chache tu, pengine hadi wiki mbili, na hulamba umande zaidi kuliko anavyokula kitu kingine.

Kuhusu kuruka kwake chini chini, zingatia kwamba nondo wa familia hii wana masikio, nayo yako chini ya tumbo, mahali linapoungana na kifua. Masikio hayo husikia sauti za juu sana ambazo popo huzitoa anapowinda, sauti ambazo sisi hatuwezi kuzisikia. Noctuidae nao wana masikio, lakini yao yako kwenye kifua, kwa hiyo hata mahali pa sikio panasaidia kutofautisha familia hizi mbili kwa mwenye hadubini.

Mpiga Picha wa Tukuyu

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako kwa furaha kubwa, na ningependa kuongeza jambo moja kwa faida ya wengine wanaopiga picha za nondo wadogo huku Rungwe na kwingineko. Watu wengi hupiga picha moja tu kutoka juu, na picha hiyo huonyesha mgongo peke yake. Kwa nondo-nyasi, picha ya ubavuni ni ya lazima, kwa sababu ndiyo inayoonyesha urefu wa vipapasio na kama vimenyooka mbele au vimepinda kwenda juu. Kuna nondo wengine wadogo wembamba ambao vipapasio vyao hupinda kwenda juu kama vile pembe, nao ni wa familia nyingine kabisa. Vilevile wapo wale tunaowakuta kwenye mchicha, wenye rangi ya kahawia na mkanda mweupe unaokatisha mabawa, waitwao Spoladea recurvalis. Hao nao ni Crambidae, lakini hutandaza mabawa kwa umbo la pembetatu na hawajiviringishi hata kidogo.

Weka rula au kipande cha karatasi yenye mistari ya milimita kando ya nondo. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha majani, atakuwa mzito kwa baridi na atakuruhusu umkaribie.

Mwalimu, nina swali dogo: je, mayai yanayodondoka ovyo namna hiyo yanaweza kupatikana na mtu asiye na vifaa?

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Marahaba, mwanangu. Kuyatafuta malishoni ni kazi isiyo na mwisho, lakini njia rahisi ipo. Mkamate jike mwenye tumbo lililojaa kwenye taa, umweke ndani ya chupa kavu yenye kipande kifupi cha nyasi, na ufunike kwa kitambaa chepesi. Kama amekwisha kupandwa, kwa kawaida atataga usiku huohuo au unaofuata, na mayai utayakuta yamelala chini ya chupa, yakibingirika ukiiinamisha. Huwa meupe au ya maziwa mwanzoni, kisha, kwa spishi nyingi, hugeuka kuwa ya manjano iliyokolea au ya chungwa kabla ya kuanguliwa. Penye joto huchukua kama wiki moja. Penye baridi ya Makete tarajia muda mrefu zaidi.

Mfugaji wa Matamba

Ninawashukuru nyote. Nimeyafanyia kazi maelekezo yenu na nina ya kusimulia.

Kwanza, nilitazama ukingo wa bawa la mbele kwa kioo cha kukuzia kwa nondo kadhaa niliowaokota chini ya taa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na safu ya vidoa vinavyometameta, na ukingo wa bawa haujaingia ndani karibu na ncha. Pili, nilipasua mabua ya mahindi yenye matundu kama Mkulima wa Igurusi alivyoshauri. Viwavi niliowakuta humo ni wa rangi ya waridi iliyochanganyika na kijivu, hawana madoa makubwa ya kuonekana kwa haraka, na ni wanene. Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha, nilipanua vishungi vya nyasi malishoni kwa vidole, nikachimbua taratibu pale shina linapokutana na udongo, na nikakuta vijihandaki vya hariri vilivyopakwa udongo na vipande vya majani. Ndani ya kimoja kulikuwa na kiwavi mwembamba mwenye kichwa cha kahawia, na mwili uliopauka wenye safu za vidoa vyeusi-kahawia, kila kidoa kikiwa na unywele. Alipoguswa alirudi nyuma ndani ya handaki kwa kasi ambayo sikuitarajia.

Nilichogundua pia ni kwamba vihandaki vilikuwa vingi zaidi mahali ambapo nyasi zimeachwa zikawa ndefu na zina majani makavu chini, kuliko pale ng'ombe wanapochunga kila siku mpaka nyasi zikawa fupi.

Yamebaki maswali mawili. La kwanza, wingi huu wa viwavi unaweza kumaliza malisho? La pili, sisi huku huchoma nyasi kuanzia Agosti hadi Oktoba ili ng'ombe wapate majani mabichi mvua zikianza. Je, moto huo unawafanya nini nondo hawa, na je, niendelee nao?

Afisa Kilimo Mstaafu, Mufindi

Ndugu Mfugaji, nimefuatilia mjadala huu tangu mwanzo, na niruhusu nianze na dawa, kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kukuletea hasara kubwa ya haraka. Usipulizie malisho hayo. Wewe unakamua, na ng'ombe anayekula majani yaliyonyunyiziwa sumu huweza kuipitisha katika maziwa. Ndiyo maana kibandiko cha dawa hutaja siku za kusubiri kabla mifugo haijarudishwa. Aidha, dawa ya kuua wadudu wote ikishapita kwenye nyasi, wanaokufa kwanza ni nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya viwavi, pamoja na mbawakawa na buibui wanaowinda chini ya nyasi, na viwavi waliojificha ndani ya mahandaki ya hariri huwa miongoni mwa wale wanaosalimika.

Kazi ya nyigu hao si ya kudharauliwa. Bungua Chilo partellus alipozidi kuenea Afrika Mashariki, watafiti walimleta nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes kutoka Asia, alikotoka bungua mwenyewe, na wakamwachia kwenye mashamba ya pwani ya Kenya mwaka 1993. Ninalitaja hili ili uone kwamba serikali na taasisi zimegharamia kumleta mdudu wa aina hiyo, ilhali wewe unao wa kwako bure kwenye malisho ambayo hayajawahi kuguswa na dawa.

Viwavi uliowatoa ndani ya mabua, wa rangi ya waridi na kijivu, wanalingana na Busseola fusca aliyemtaja Mwalimu. Huyo hupita kiangazi akiwa amelala usingizi ndani ya mabua makavu yaliyobaki shambani na kwenye visiki vyake, kisha hutoka akiwa nondo mvua zinapoanza. Nguvu zako zielekeze huko: baada ya kuvuna, walishe ng'ombe mabua hayo, au yakatekate na kuyafukia, wala usiyarundike pembeni mwa shamba hadi Novemba. Kiwavi wa namna hiyo anahitaji bua nene la kukaa ndani yake, na bua la nyasi za malisho yako halimtoshi, kwa hiyo malisho si kiwanda cha bungua kama majirani wanavyodhani.

Kuhusu kumaliza malisho, kwa nyasi za asili zilizochanganyika na zenye mizizi mirefu sijapata kuona jambo hilo katika miaka yangu yote ya kazi. Nondo-nyasi wamesumbua kwingineko, hasa Marekani, ambako viwavi wao hushambulia bustani za nyasi zinazokatwa fupi na mashamba ya mahindi yaliyopandwa mara tu baada ya nyasi za zamani kulimwa. Hilo la pili lishike: ikiwa siku moja utaamua kulima sehemu ya malisho hayo na kupanda mahindi, usilime na kupanda ndani ya siku chache, kwa kuwa viwavi waliokuwa na nyasi za kutosha watajikuta hawana chakula ila miche yako, nao wataikata usawa wa ardhi. Lima mapema wakati wa kiangazi, ardhi ikae wazi, ndipo upande mvua zikishika. Kisha usiwachanganye na viwavijeshi. Viwavijeshi hutembea kwa makundi juu ya ardhi mchana kweupe, na wakipita huacha vikonyo vitupu. Ukiona hivyo, toa taarifa kwa afisa ugani siku hiyohiyo, maana hapo kuchelewa kuna gharama.

Moto nao una namna zake. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu chini, huwa wa joto dogo na huacha mabaka mengi ambayo hayajaungua, hivyo viwavi walio kwenye udongo na mashina ya nyasi hupata mahali pa kusalimikia. Moto wa Oktoba, upepo ukivuma na kila kitu kikiwa kimekauka hadi shinani, hula mpaka mzizi. Ningependa usichome malisho yote mwaka mmoja. Yagawe, uchome sehemu na uache sehemu, na mwaka unaofuata ubadilishe, ili nondo na wadudu wengine wawe na mahali pa kutokea na kurudi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu uko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na katika nyasi za uwanda ule huzaliana mbayuwayu wa buluu, ndege ambaye idadi yake duniani imepungua hadi kuhesabiwa miongoni mwa walio hatarini. Ndege huyo hula wadudu anaowanasa akiruka chini chini juu ya nyasi, msimu uleule wa mvua ambao wewe unawaona nondo wengi. Nyasi zikibaki bila wadudu, hana sababu ya kuja.

Mkulima wa Igurusi

Nashukuru kwa maelezo ya mwinuko, Mwalimu, na kwako Afisa kwa habari ya mabua. Huku kwetu mabua tunayaacha shambani mpaka mvua, kwa hiyo ushauri huo nitaufikisha kwenye kikundi chetu kabla ya mavuno. Mfugaji, ukipata nafasi tuwekee picha ya kiwavi wako wa handaki kando ya kiwavi wa mahindi, ili hata asiyesoma maelezo marefu aone tofauti.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Ndugu Mfugaji, kiwavi uliyemweleza, mwenye vidoa vyenye unywele na tabia ya kurudi nyuma ndani ya handaki, anakubaliana kabisa na kundi la nondo-nyasi. Lakini kiwavi na nondo kuonekana mahali pamoja si uthibitisho kwamba ni wa spishi moja, na njia ya uhakika ni kumlea. Chimbua kishungi kimoja cha nyasi chenye handaki pamoja na udongo wake, ukiweke kwenye ndoo ya plastiki, ufunike kwa chandarua na uiweke kivulini. Nyunyiza maji kidogo pale udongo unapokauka, na usifukue kutafuta pupa, kwa sababu kifuko chake kikipasuka hukauka upesi.

Nondo akitoka, msubiri hadi mabawa yakauke na kukakamaa, kisha mwue kwa kumweka kwenye friza, na umhifadhi kwenye bahasha ndogo ya karatasi laini pamoja na kipande cha nafthalini. Juu ya bahasha andika kwa penseli tarehe, jina la kijiji, mwinuko kwa mita kama simu yako inauonyesha, aina ya nyasi aliyotokea, na kama alilelewa au alikamatwa kwenye taa. Nondo asiye na maandishi hayo, hata awe mzuri namna gani, hana msaada kwa mtu atakayemchunguza viungo. Haya yote yafanye kwenye malisho yako mwenyewe. Ukivuka mpaka wa hifadhi, kukusanya mdudu yeyote kunahitaji kibali.

Ukiwa na nondo dume na jike waliolelewa kutoka kwenye vihandaki hivyo, nijulishe hapahapa, nami nitakueleza jinsi ya kuwafungasha wasivunjike safarini, ili tuwafikishe kwa mtaalamu wa kundi hili. Wakati huohuo hesabu unaowaona kwenye taa, usiku mmoja kila wiki, kuanzia sasa hadi baridi ya Juni itakapoingia, uandike pia usiku ambao hukuona hata mmoja.